Maji ya Ploti

Maji yalianza kunuka Jumanne, na haikuwa harufu ya klorini. Bomba linaloleta maji kwenye ploti yetu hapa Nairobi limelala ndani ya mtaro wa maji taka. Maji yakikatwa siku tatu, bomba hubaki tupu na uchafu huingia kupitia nyufa.

Fundi akaziba ufa. Landilodi akatuma kijana amwage klorini kwenye tangi, kisha akaandika kwenye grupu: "Maji iko sawa sasa."

Jioni Mama Shiro akanigongea mlango, mtoto mgongoni. "Si wewe ulisomea hii maneno ya viini? Niambie ukweli. Hii maji ni safi?"

Nilisomea, ndiyo. Miaka miwili na nusu ya maikrobiolojia, kabla karo haijanishinda. Kwenye ploti hakuna anayejua niliacha. Huniita daktari, nami huitika.

Nilichokumbuka ni hiki. Klorini huwaua bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo. Lakini wako wengine, jamii za Bacillus na Clostridium, ambao mambo yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda na kuwa spora. Spora haili, haikui, inangoja tu. Hujificha kwenye kutu na ute ndani ya bomba, na klorini ya kawaida ya maji ya kunywa haiiwezi. Hata kuchemsha hakuimalizi. Tena Nairobi tuko juu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Maabara tulitumia otoklevu: nyuzi 121, dakika 15. Sasa bomba la ploti nzima utaliingiza otoklevu gani?

Mwaka wa 1877 John Tyndall alipata ujanja: chemsha, ngoja spora ziamke zikidhani hatari imepita, chemsha tena. Watafiti wa mabomba nao wamejaribu kitu kama hicho. Wanaziamsha spora kwa virutubisho kwanza, ndipo watie klorini.

"Mama Shiro," nikasema, "mimi sikumaliza kusoma."

Akanitazama. "Sijakuuliza kama ulimaliza. Nimekuuliza maji."

Basi nikamwambia. Bado si safi. Tangi halikusuguliwa, na uchafu hula klorini kabla haijafanya kazi. Tusugue, tusukume maji kwa nguvu hadi mfereji wa mwisho, tutie klorini kali, miligramu 25 kwa kila lita, ikae mabombani saa 24 bila mtu kunywa, kisha tuimwage yote. Spora chache zitabaki. Nyingi hazimsumbui mtu mwenye afya. Ya mtoto tuendelee kuchemsha, na akiharisha, kliniki mara moja.

Jumamosi tulikuwa watu saba na brashi. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi. Jumapili jioni yalitoka meupe.

Watoto bado wananiita daktari. Mama zao sasa hucheka, nami pia.