Hema Lisilo na Herufi

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo matatu. Makenke, pale Mbarara ninaposhona nguo, kuna kambi ya jeshi, makao makuu ya Divisheni ya Pili. Hapa Nakivale, wanapoishi mama yangu na watoto wangu watatu, tunasema pia kambi, hata kama karatasi za ofisi zinasema "makazi", na watu wamekuwa wakipokelewa hapa tangu wakimbizi wa Rwanda wa mwisho wa miaka ya 1950. Halafu kuna wale wanaopakia hema kwenye gari Ijumaa na kurudi Jumapili. Nao wanasema wamepiga kambi.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipanga. Desemba, shule zikifungwa, nataka sisi watano tulale siku mbili kando ya maji. Kwa raha tu.

Majirani hawaelewi. "Kuko nini kule? Kuko matanga?" Nawajibu hakuna msiba, hakuna hospitali, hakuna mtu wa kuonana naye. Wananitazama kama mtu anayeficha jambo. Siwalaumu, maana sisi husafiri kwa sababu. Tulikimbia kwa sababu, tunakwenda mjini kwa sababu, na kila tunapofika kwenye meza yenye kitabu na kalamu tunaulizwa sababu. Sijawahi kumsikia mtu wa hapa akijibu: naenda kutazama maji.

Jambo hili lilianzishwa na binti yangu mkubwa. Kwenye kitabu chake cha shule aliona picha ya ghuba: mchanga, maji yameingia ndani ya nchi kavu, watoto wanaogelea. Akaniuliza kama mahali kama hapo papo kweli. Nikamwambia mimi nimezaliwa mahali kama hapo. Baraka, kule Fizi, iko kando ya Ziwa Tanganyika, na mbele yake rasi ya Ubwari imenyooka kama mkono unaozuia upepo. Kwenye ramani maji yale yanaitwa Ghuba ya Burton, jina la Mwingereza aliyepita ziwani mwaka 1858. Sisi tulisema tu "ku ziwa". Ndagala walianikwa pale pale mchangani, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku.

"Basi twende huko," akasema mdogo wake. Kwao ni rahisi hivyo.

Huko hatuendi sasa. Kwa hiyo nilikaa na daftari nikaanza kuchuja. Bahari yenyewe, Mombasa, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kampala, na kuvuka mpaka kunataka hati ya kusafiria, ile inayotokana na Mkataba wa 1951. Kwa watu watano, hapana. Ziwa letu la Nakivale liko karibu, lakini viboko hutoka majini usiku kula majani, na mamba wamo. Ziwa Mburo nako ni hivyo hivyo, ni ndani ya hifadhi ya wanyama. Nikabaki na Bunyonyi, kule Kabale. Halina kiboko wala mamba. Lina visiwa 29 na vighuba vingi kati ya vilima, na ziko sehemu za kupiga kambi zinazokodisha mahema. Unapanda gari Mbarara, unapita Ntungamo, unafika Kabale, unashuka mpaka Rutinda, halafu ni mtumbwi au boti.

Ruhusa? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea ndani ya nchi, pamoja na masharti yake. Nitabeba kitambulisho na atestesheni ya familia, yenye majina ya watoto wote. Tarehe nayo nimeiangalia isigongane na siku ya mgao. Ukikosa siku hiyo, stori yake ni ndefu.

Usiku kule ni baridi, maana ziwa liko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni ya kina. Kwa hiyo hakuna mtoto wangu atakayekanyaga boti bila jaketi la kuelea. Tunakumbuka Machi 2014, mashua iliyojaa Wakongo waliokuwa wakirudi nyumbani ilipozama Ziwa Albert na watu zaidi ya 100 wakafa. Boti ikijaa, tutangoja nyingine. Hatuna haraka. Hilo peke yake ni jambo geni kwetu, kukaa kando ya maji bila haraka ya kuvuka.

Kisha nikaandika vitu vya kubeba: turubai la akiba, kamba, sufuria, jerekani, blanketi, panga ya kukatia kuni. Nikaisoma orodha kwa sauti. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Tate, alikuwa anachambua maharage. Akaacha.

"Hivyo ni vitu walitupatia siku ile tulifika."

Ni kweli. Kasoro sabuni tu, orodha ilikuwa ile ile.

"Mi nilishalala kwa shitingi," akasema. "Myezi saba. Mvua inapiga, unashika nguzo kwa mikono. Leo unataka tulipe makuta juu ya kulala tena kwa shitingi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Na kabla sijalipata, kijana wangu mdogo, ambaye amezaliwa hapa na ameona wageni wengi wakipokelewa Kabazana, akauliza: "Mama, tukilala kwa hema, tutaandikwa tena?"

Nikamwambia hapana. Kule hawaandiki watu, hakuna foleni, na Jumatatu tunarudi nyumbani. Nilipolitamka neno "nyumbani" nilikuwa na maana ya nyumba yetu ya udongo hapa Nakivale, na Tate akaniangalia, lakini hakunisahihisha.

Nimefikiri sana swali lake la makuta. Ninyi mnaofanya kazi nasi, mnaokwenda Bunyonyi wikendi, pengine hamjalipwa swali hilo na mama zenu. Mtu analipa ili alale kwenye kitambaa, ardhini, na moshi machoni. Nadhani halipii hema. Analipia kujua siku ya kurudi, na kwamba asubuhi akichoka anaweza kulikunja mwenyewe. Sisi tulipewa hema bila tarehe. Watoto wangu nataka walijue na hili la pili, wasidhani hema ni kitu cha kukimbilia tu.

Tate nilimwambia anaweza kulala chumbani. Vyumba vya kukodi vipo, vyenye mlango na kitanda. Akakaa kimya siku tatu. Siku ya nne akanipigia simu Makenke, nikiwa kwenye cherehani. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, hema lisiwe jeupe, na lisiwe na herufi yoyote juu yake. La pili, tukifika nimwache akae majini mpaka magoti, peke yake, na mtoto asimwite.

Nimeulizia mahema. Yapo ya kijani na ya rangi ya machungwa. Zamu yangu ya likelemba ni Novemba, na nauli itachukua karibu nusu. Binti ameandika tarehe mbili ukutani kwa makaa, ya kwenda na ya kurudi. Ya kurudi ameizungushia duara.