Yowe la Mwili

Mwezi wa Julai, ukungu unapofunika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, mafua hubisha hodi nyumba hata nyumba. Mwaka mmoja yalinilaza siku tatu, nina homa, viungo vyote vikiniuma, nami nikavilaani virusi. Baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, nilijifunza kwamba sehemu kubwa ya maumivu yale ilitokana na mwili wangu mwenyewe.

Sikiliza, msomaji, nikueleze. Seli inapovamiwa na virusi hupiga yowe. Yowe hilo ni kemikali iitwayo interferoni, iliyogunduliwa mjini London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Seli jirani zikilisikia hujiandaa, ili virusi visizaane ndani yao. Seli zilizokwisha kuambukizwa huonyesha vipande vya adui kwa nje, ndipo seli T, askari wa kinga, zipate kumtambua. Na seli T zilizomtambua, zikilisikia yowe hilo, huongezeka kwa wingi na kudumu vitani.

Basi huenda ukadhani kwamba yowe likizidi, ushindi nao huzidi. Sivyo. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walichunguza panya wenye virusi visivyokwisha mwilini. Walipozizuia seli zisiisikie interferoni, kinga iliyokuwa imechoka iliamka, na virusi vikaondolewa upesi zaidi. Mwaka 2014 uchunguzi wa kima, walioambukizwa virusi vya jamii ya vile vya Ukimwi, ulionyesha upande wa pili: waliozuiwa kulisikia yowe siku za kwanza waliugua upesi zaidi. Yowe lile lile huokoa mapema, na likiendelea bila kukoma huchosha.

Jambo hili lanigusa. Baba yangu mdogo, mchuma chai, alifariki kwa Ukimwi nilipokuwa mtoto. Mama husimulia kwamba hata siku za mwisho aliuliza kama dawa ya Nairobi imefika. Dawa hiyo ilikuwa Kemron, interferoni kidogo ya kumung'unywa, iliyotangazwa na watafiti wa Kenya mwaka 1990. Majaribio yaliyofuata, likiwamo la Uganda lililochapishwa mwaka 1998, hayakuona faida yake.

Hata hivyo utafiti haukukoma. Hapa Kericho, kama kule Mbeya na Kampala, watu wazima kwa hiari yao walikubali kuchomwa kidole mara mbili kwa juma, ili maambukizo yagunduliwe yakiwa machanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba virusi hufika kilele yapata majuma mawili baada ya kuonekana katika damu, kisha hushuka, na kiasi kinachobaki hutulia kabla ya mwezi wa pili kwenda mbali. Vita huamuliwa mapema. Leo dawa za kuvizuia virusi hivyo zipo, na azitumiaye ipasavyo huishi miaka mingi.

Ewe kijana, usikiapo dawa mpya ikisifiwa, usiikimbilie wala usiidharau. Uliza imejaribiwa kwa nani, kwa kiasi gani, na katika siku zipi za ugonjwa. Baba yangu mdogo hakupata mtu wa kumfundisha maswali hayo. Wewe umeyapata.