Miguu ya Ndumilakuwili

Mjomba alizikwa alasiri, mimi nikaingia Mchinga usiku, isha imeshasaliwa. Basi lilituharibikia njiani, tukakaa saa tano chini ya mkorosho tukisubiri kipuri. Hakuna aliyenilaumu. Maiti hangoji mtu wa basi. Nilivua viatu, nikatoa pole, nikapewa pole, nikaketi kwenye jamvi uani, na kabla kikombe cha kahawa hakijanifikia nikatambua kwamba nimechelewa mara mbili. Mazishi yamepita, na mjomba mwenyewe ameshaanza kutengenezwa upya.

Mazungumzo yalikuwa ya deni. Kabla jeneza halijainuliwa liliulizwa swali linaloulizwa kila mahali: nani anamdai marehemu, awaone warithi. Kwa kawaida ni jambo la dakika moja, watu hukaa kimya kwa adabu na msafara ukaondoka. Lakini hili la mjomba watu walikuwa wameliwekea miadi kwa miaka. Jirani mmoja aliniambia walisimama sita, na wa saba aliona haya tu. Binamu yangu akasema wawili. Mama, ambaye wakati huo alikuwa ndani na wanawake wenzake, akasema hakusimama mtu, na alilisema kwa sauti ya aliyeshuhudia kwa macho yake. Usiku mmoja, ua mmoja, nikapewa wajomba watatu, kila mmoja na madeni yake.

Tuseme kweli: mjomba hakupendwa. Aliwahi kuchangisha fedha za watu awaletee mabati kutoka Dar es Salaam, akarudi na nusu ya mabati na maelezo kamili. Minazi mitatu aliiuza mara mbili. Alikuwa na neno tamu kwa kila mlango, na milango ilipokutana kisimani maneno hayakulingana. Huku kwetu, kwa Wamwera na Wamachinga, ukoo wa zamani ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake. Kwa hiyo sikupata nafasi ya kumkana. Aliyechukiwa na kijiji kizima ndiye aliyekuwa mkubwa wangu.

Kijiji kilimwita Ndumilakuwili. Jina hilo nililileta mimi.

Mjomba alikwenda Dar es Salaam miaka ya themanini kuuza vitu mkononi, viwembe, vitana, baadaye mikanda. Alikuwa akirudi mara moja au mbili kwa mwaka, na kurudi enzi hizo ilikuwa kazi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003; kabla ya hapo Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakichachamaa mtu aliyeaga Jumatatu hukujua utamwona Jumatatu ipi. Alifika na matope hadi kwenye nyusi, na ndani ya shati, mahali ambapo wengine huficha fedha, alikuwa ameficha Sani.

Kwa waliokuja nyuma: Sani lilikuwa gazeti la hadithi za picha, na jina lake lilitokana na mianzo ya majina ya waliolianzisha, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Humo ndimo tulimowajua Lodilofa, Kipepe, Pimbi, Madenge. Majina yale yalishafanya nusu ya kazi kabla kalamu haijagusa karatasi. Mtu akiitwa Lodi na Lofa kwa pamoja, umeshajua suruali yake ikoje. Na humo ndimo alimokuwa Ndumilakuwili, ambaye hakuhitaji kufafanuliwa kwa mtoto wa pwani. Kila mmoja wetu alishaambiwa habari za nyoka yule mwenye kuuma huku na huku.

Sikuwa najua kusoma. Mjomba alinisomea barazani, gazeti juu ya goti, kidole kikisogea kutoka picha hadi picha, na kila mhusika na sauti yake. Ndumilakuwili aliposhikwa, na kwa mtu wa aina ile kushikwa hakukosekani, sisi watoto tulishangilia. Hapo mjomba alikuwa akinyamaza kidogo, kisha anaendelea kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka. Ndumilakuwili anajieleza. Anasema ameacha mtoto mgonjwa nyumbani. Anasema aliwaahidi watu wawili kitu kimoja kwa kuwa wote wawili walimlilia, na yeye hajui kusema hapana. Nilitamani wamwachie.

Nilipofika darasa la pili nikajisomea mwenyewe. Nilichukua gazeti lile lile, lenye kona zilizoliwa na mende, nikamtafuta mtoto mgonjwa. Hayupo. Kwenye kiputo palikuwa na neno moja tu, la mtu aliyeumia. Nikarudi kwenye magazeti mengine. Karibu kila mahali niliposikia huruma palikuwa peupe.

Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Leo ninaona kwamba siku ile nilijifunza jinsi mhusika anavyofanyika, lakini siku ile niliona uongo tu, tena uongo unaofanana na ule wa mabati. Nikachukua mkaa, nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikamchora mjomba ana vichwa viwili, kimoja kinaongea na mama, kingine na jirani. Chini nikaandika Ndumilakuwili, herufi zimelala upande. Binamu zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Kufikia magharibi karatasi ilikuwa imezunguka hadi kwa wavuvi wanaoshona nyavu, na jina likawa limeshuka pwani, likapanda ngalawa, halikurudi tena.

Mjomba aliiona. Aliishika mbali kidogo na macho, kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Nilisubiri kofi. Akasema, “Mjomba,” kwani naye aliniita hivyo hivyo, “vichwa umevipatia. Miguu umeikosea.” Akanirudishia.

Mambo ya miguu alikuwa nayo muda mrefu. Aliamini mchoraji hujulikana miguuni. Sura kila mtu anaweza kuibahatisha, alisema, lakini miguu ndiyo inayoonyesha kama mtu amesimama au amewekwa. Mchoraji mvivu huificha kwenye majani. Philip Ndunguru, aliyewapa uhai wengi wa wahusika wale, alifariki mwaka 1986, kijana ambaye hata miaka 30 hakuifikisha. Habari hiyo haikufika Mchinga, au ilifika ikapita juu yetu. Wahusika hawakufa naye. Wachoraji wengine waliwachukua wakaendelea nao. Lakini nakumbuka mjomba amekaa barazani na toleo jipya, anageuza kurasa bila kusoma, shangazi anamuuliza ana nini, naye anasema mkono umebadilika, huyu si yule. Sisi tuliona ni yule yule, kofia ile ile, ubaya ule ule. Mjomba alikuwa ametazama chini.

Nimefikiri sana juu ya hilo tangu usiku wa kahawa. Mtu anakufa, na kiumbe aliyemtengeneza anaamka asubuhi mikononi mwa mwingine. Yule mwingine hana nia mbaya, ana jina la mhusika, ana sifa zake mbili tatu ambazo wasomaji wanazidai, na ana ukurasa wa kujaza. Mhusika anayependwa hulindwa: ukimharibu, watu watalalamika. Asiyependwa hana mlinzi. Kila anayemshika anaweza kumwongezea ubaya kidogo, na hakuna atakayesema huyu hakuwa hivi. Ndivyo alivyokuwa hata Fisi wa hadithi zetu. Fisi wa bibi alikuwa mlafi, kazi yake kuzidiwa akili na Sungura na kuungua mdomo. Fisi wa mjomba alikuwa na njaa. Matendo yalikuwa yale yale, hata mdomo uliungua vile vile, ila mmoja ulimcheka na mwingine ulitaka kumbakizia mfupa.

Nilipokuwa nasoma Dar es Salaam niliangukia hadithi za bata tajiri wa Marekani, Scrooge McDuck, bahili ambaye Carl Barks alimchora kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Mwanzoni ni mzee mwenye chuki na kila mtu, wala hakukusudiwa kudumu. Barks mwenyewe alimlainisha kadiri miaka ilivyopita. Kisha kuanzia mwaka 1992 mchoraji mwingine, Don Rosa, akaandika maisha yake yote tangu utotoni Glasgow: kitoto maskini kinang'arisha viatu, na sarafu yake ya kwanza kabisa analipwa fedha ya nchi nyingine, ambayo pale haimfai kitu. Anapunjwa siku ya kwanza ya kazi. Ugumu wa moyo wote unaokuja baadaye umepata mahali pa kuanzia. Ninakiri nilisoma kurasa zile nikiwa nimesimama, nikamfikiria mtu wa vitana na viwembe. Na huyo bata naye kwa wapwa zake ni mjomba, hilo lilinigusa kuliko inavyostahili kwa habari za bata.

Pengine mjomba aliyaelewa haya mapema kwa sababu ya jina alilolibeba mjini. Vijana wa pwani hii ya Lindi walipozidi mitaani na bidhaa zao begani, jiji liliwaita wamachinga, na jina likawaacha wenyewe likaenda na kazi. Leo Msukuma au Mhaya anayeuza mikanda Kariakoo ni machinga. Soko la ghorofa pale Karume, Ilala, linaitwa Machinga Complex. Wapo wanaoapa kwamba neno limetoka kwenye Kiingereza na halina habari na sisi kabisa. Oktoba 2021 wafanyabiashara wale walipoamriwa kuondoka pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, jina letu lilikuwa magazetini kila siku. Katika vibonzo nimewaona machinga wa kila namna: mziba njia asiyesikia la mtu, baba wa watoto anayekimbia mgambo na meza kichwani, mjanja, mnyonge. Mjomba wakati huo alikuwa amesharudi nyumbani, mgonjwa wa kifua, anashinda kwenye mnazi akitazama wanawake wanaokwenda kufunga mwani. Nilimsomea gazeti moja kwenye simu. Akauliza, “Wamemchora na miguu?”

Usiku wa pili wa tanga hadithi zilishapata umbo. Hilo la deni lilikubalika kuwa la watu wanne, sijui nani aliamua. Mvuvi mmoja mzee akasema mjomba aliwahi kumtolea nauli na fedha ya dawa mkewe alipopelekwa hospitali Lindi, wala hakuidai. Watu wakatikisa kichwa, wengine wakakaa kimya, na mmoja akauliza kwa upole fedha hiyo ilikuwa ya nani. Tukacheka. Nilicheka na mimi. Zamani angekuwepo pembeni, angesema neno moja la kujitetea, la uongo nusu, na sote tungempinga kwa furaha. Sasa tulipomaliza kucheka palibaki kimya ambacho hakuna aliyejua akitie nini. Wala sikumlilia mtu mwema, maana mwema huyo simjui. Nililia kwa kuwa aliyekuwa akisoma maneno ambayo hayakuandikwa ameondoka, na waliobaki tunasoma yaliyoandikwa tu.

Sanduku lake lilifunguliwa baada ya tanga kuanuliwa. Stakabadhi, kitana kipya ndani ya nailoni, miwani ya jicho moja, na tabaka la magazeti ambayo mchwa walikuwa wameyafanya kitu kimoja, hayafunguki. Nilitafuta karatasi ya saruji. Haikuwemo. Nilifurahi, kisha nikaona ninafurahia nini.

Nikataka kumchora tena. Safari hii kwa penseli nzuri, kichwa kimoja. Uso ulikuja bila shida, hata ile namna yake ya kubana jicho akihesabu fedha. Mabega yakaja. Nikafika chini nikasimama. Nilimuuliza mama miguu ya kaka yake ilikuwaje, akasema ya kawaida, kisha akasema kidole gumba cha kushoto kilikuwa hakina ukucha tangu utoto, aliangukiwa na jiwe la kusagia. Shangazi akasema ni cha kulia, na si jiwe, ni mtumbwi. Wakaanza kushindana.

Nikamwendea mzee aliyemuosha. Alikuwa msikitini kibarazani, anapepea. Nikamshika mkono, shikamoo babu, tukaulizana hali mpaka hali zikaisha, ndipo nikauliza. Alinitazama muda. “Ya maiti hayasimuliwi, mjukuu wangu.” Nikasema si aibu, babu, ni miguu tu. “Ndiyo,” akasema. “Hata miguu.”

Jioni maji yalikuwa yanajaa. Nilikaa kwenye gogo la mnazi nikamaliza picha. Nimemchora amesimama baharini, suruali imekunjwa, gazeti kalishika juu lisilowe, maji yamemfika magotini.