Maua ya Tunguu Katika Nchi ya Chai

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kericho hupanda mpaka Mau Summit, hupita njia panda ya Londiani, kisha huanza kuteremka polepole, na mara huiona chai. Imefunika vilima kushoto na kulia, nayo imekatwa sawasawa hata mgeni hudhani angeweza kutembea juu yake. Makampuni makubwa yalianza kuipanda hapa katika miaka ya 1920. Tangu miaka ya 1950 wakulima wadogo nao wakaipokea, na baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964 ilizidi kuenea katika mashamba yao, kupita Litein na Kaplong, mpaka upande wa Bomet.

Sababu ya chai kustawi hapa yajulikana na kila mkulima. Nchi imeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, tena haina mwezi ambao hukatika kabisa. Hata Desemba hadi Februari hupungua tu. Lakini neema ya mmea mmoja huweza kuwa balaa ya mwingine, na katika nchi hii mimea isiyoridhika na neema hiyo ni maua ya tunguu.

Maua ya tunguu ni yale ambayo chini ya ardhi yana kitu kilichovimba mfano wa kitunguu. Hicho ndicho ghala yake. Kama vile mama wa Kikipsigis awekavyo mursik katika kibuyu kwa ajili ya siku zijazo, ndivyo mmea huu uwekavyo chakula chake wakati wa neema, ukafa majani, ukalala mpaka siku mbaya zipite. Kwa hiyo mmea wa tunguu umezoea nchi yenye siku mbaya. Mahali pasipo na kiangazi wala theluji hukosa ishara ya kulala na ya kuamka, na mara nyingi huoza.

Mfano mzuri ni irisi ndogo zinazochanua wakati wa baridi. Asili yao ni milima ya Uturuki, Kaukasi na Irani. Kimo chao hakizidi shubiri moja, na maua yao ni ya zambarau, samawati au njano. Wakati wa joto nchi ile hukauka, na tunguu hulala katika udongo mkavu. Mvua za mwisho wa mwaka huotesha mizizi. Kisha baridi kali hukaa juu yake wiki nyingi, na theluji inapoanza kuyeyuka ua hutokeza. Baadhi yao ni adimu sana, kama ile ya njano hafifu iitwayo Iris winogradowii, ambayo makao yake ni milima michache ya Georgia.

Huko Uingereza wapenzi wa maua hayo huyatunza katika vyungu ndani ya nyumba za vioo zisizo na moto. Mtu angedhani kioo ni cha kuzuia baridi. Sivyo! Baridi huitaka, kioo ni cha kuzuia mvua, ili tunguu lipate kulala likiwa kavu. Ikiwa Mwingereza mwenyewe huogopa mvua ya kwao, mtu wa Kericho atafanyaje? Hapa umande huganda mara chache mabondeni na kuunguza chai, lakini hiyo ni baridi ya usiku mmoja mmoja, na jua likichomoza imekwisha. Irisi hizo zikipandwa bustanini hapa hazitapata baridi ndefu wala ukavu mrefu. Tena si halali kumwomba ndugu aliye ng'ambo atume matunguu ndani ya bahasha. Mimea iingiayo Kenya yahitaji kibali cha KEPHIS, kwa maana ugonjwa wa mimea husafiri bila kuonekana.

Lakini haifai mtu kulilia ua la Kaukasi hali jamaa yake yumo katika nyasi zetu. Kusini mwa Sahara irisi halisi haimei kwa asili yake. Walakini ukoo wake umejaa Afrika, na maarufu katika ukoo huo ni gladiola. Jina hilo latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya upanga mdogo, kwa sababu ya umbo la majani yake. Gladiola ya porini iitwayo Gladiolus dalenii humea katika nyasi za nyanda za juu za Kenya. Maua yake hupangana juu ya bua moja, rangi ya machungwa au nyekundu yenye njano ndani, na jani la juu la ua huinama kama kofia. Chozi huja kunywa asali yake na kuchukua chavua.

Ua hili si mnyonge. Lilichukuliwa Ulaya, likazalishwa pamoja na gladiola nyingine ya Afrika Kusini, na mwaka 1841 Louis Van Houtte wa mji wa Ghent, Ubelgiji, akaanza kuuza uzao wao. Katika mababu wa gladiola kubwa zinazopamba makanisa siku za arusi yumo huyu wa porini.

Mzee mmoja mwenye chai, upande wa Litein, alinionyesha pembe ya ua wa boma lake ambapo gladiola hizo zimesimama kwa mstari. Alizifukua kwa jembe alipokuwa akifungua sehemu mpya ya chai.

Nikamwuliza, "Mzee, zakufaa nini?"

Akajibu, "Kijana wangu, chai hunilipia karo ya watoto. Hizi hazinilipi kitu. Lakini nilizikuta hapa."

Jambo hilo lastahili kufikiriwa. Mmea wa nyasi hauishi chini ya chai iliyofunga, na kila mahali nyasi zigeuzwapo kuwa shamba, tunguu hufukuliwa na kutupwa. Hapana anayemlaumu mkulima, maana chai ndiyo chakula chake. Lakini kulihamisha tunguu ni kazi ya dakika chache, na kazi yenyewe ni hii.

Chagua mahali penye mteremko na jua, pasipotuama maji. Kama udongo ni mzito, changanya mchanga. Panda kwenda chini sentimita 10, na kati ya tunguu na tunguu acha sentimita 15. Mvua ya mawe, ambayo watu wa Kericho waijua sana, yaweza kuvunja majani, lakini ghala imesalama chini. Ua likiisha usikate majani mabichi, kwa kuwa ndiyo yanayojaza ghala ya mwaka ujao. Yakikauka, fukua. Utaona tunguu jipya limekaa juu ya kuukuu lililosinyaa, na vijitunguu vidogo pembeni. Tupa kuukuu na yote yaliyooza, kausha yaliyo mema, uyaweke juu ya chaga mahali penye hewa na pasipovuja. Yapande tena mvua za Machi zinapokaribia. Hivyo ndivyo mkulima atengenezavyo kiangazi katika nchi isiyo na kiangazi. Vile vijitunguu vidogo huhitaji msimu mmoja, miwili, au zaidi kabla ya kuchanua. Basi usivitupe, mpe jirani.

Nyasi zilizosalia ni chache: kando ya barabara, viwanja vya shule na makanisa, na vipande visivyofaa chai. Mwenye kufungua shamba mwaka huu na atazame vema nyuma ya jembe lake kabla ya kuchoma takataka.