Gari letu lilipokataa vitesi, tulimlaumu dereva



Juma hili tunawaletea habari ya gari letu, kwa kuwa wengi mmetuuliza sokoni na wengine mmesikia nusu tu. Tunaisema yote, hata pale inapotuletea haya.

Gari lenyewe mnalijua. Ni basi dogo la Kijapani la mwaka 1994, lenye usukani kuume, tulilonunua kwa michango ya miaka minne. Linabeba muhogo, maharage na makala kutoka Walungu na Kavumu hadi soko la Kadutu. Usiku, mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, ndilo linalompeleka materinite. Anayeliendesha ni kijana wa mmoja wetu.

Ilikuwa siku ya nne, karibu saa kumi na moja jioni, mvua imetoka kupita. Ndani mlikuwa na mifuko 14 ya muhogo na wamama watano. Kwenye mlima wa kupanda Kadutu, dereva alitoka vitesi ya pili apate ya kwanza, na ya kwanza ikakataa. Krrr. Akajaribu tena. Krrr. Gari likasimama, halafu likarudi nyuma hatua kadhaa kabla freni hazijalishika. Mmoja wetu aliyekuwa na mtoto mgongoni aliruka chini akaumia goti. Vijana wa barabarani walikimbia kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu.

Siku ya posho tulikutana tukiwa na hasira. Tulisema kijana anaendesha kwa nguvu, anavunja bwati ya vitesi, labda anakunywa. Mama yake alikuwa ameketi kati yetu. Hakujibu neno. Siku ya posho iliyofuata hakuja, na iliyofuata tena hakuja.

Fundi wa kwanza tuliyemwita hakufungua kitu. Alisukuma fimbo ya vitesi mara mbili, akasikia kelele, akasema bwati imekufa, tutafute nyingine: dola 450, bila kazi ya mikono. Ndani ya sanduku letu mlikuwa na dola 310, na hizo tayari zilikuwa na kazi yake: minervali ya watoto wa wajane sita. Tulianza kuhesabu nani angoje na nani asingoje. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye hesabu ya namna hiyo anajua usiku wake.

Ndipo mmoja wetu akamleta mzee jirani yake, aliyeendesha malori njia ya Uvira miaka mingi. Alitusalimia, akazunguka gari, akasema, “Wamama, mtoto akipata homa, munamupeleka kupasuliwa siku ile ile?”

Tukasema hapana, Papa.

“Basi na gari tuanze kwa kuliuliza.”

Swali lake la kwanza alilitoa motere ikiwa imezimwa. Alikanyaga pedali ya ambreyaji, akapitisha fimbo: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, ya nyuma. Zote ziliingia bila shida. Akawasha motere, akajaribu tena. Sasa ya kwanza ikagoma, na ya nyuma ikapiga kelele.

“Munaona?” akasema. “Bwati haijafa.”

Alitufafanulia hivi, na tunawaandikia namna tulivyoelewa. Motere inazunguka muda wote. Ambreyaji ndiyo inayoitenga na bwati kwa muda kidogo, ili vitesi ibadilike bila meno ya ndani kugombana. Ukikanyaga pedali mpaka chini na ambreyaji isitenge kabisa, vitesi inakataa kuingia au inalia. Kwa hiyo, vitesi zikiingia vizuri motere ikiwa imezimwa, na zikikataa ikiwa inawaka, kwanza shaka ambreyaji. Zikiwa ngumu hata motere ikiwa imezimwa, tazama nyaya na vyuma vinavyotoka kwenye fimbo kwenda kwenye bwati: huenda vimelegea, vimelika au vimekauka. Hivyo vikiwa vizima, ndipo bwati yenyewe ishukiwe.

Alitupa dalili nyingine pia. Motere ikipiga kelele nyingi na gari halipandi mlima, diski ya ambreyaji imelika. Vitesi moja tu ikilia nyakati zote na nyingine ni nzima, kuna kitu kimechoka ndani ya bwati upande wa vitesi hiyo. Fimbo ikiwa ngumu asubuhi tu na kulegea gari likipata joto, uliza mafuta ya bwati: ni ya aina gani, na yapo ya kutosha?

Kisha akafungua kikopo kidogo cha plastiki kinachoweka mafuta ya ambreyaji. Kilikuwa karibu kikavu. Akalala chini ya gari, akatuonyesha silinda ndogo iliyo pembeni ya bwati. Ilikuwa imelowa. Raba ya ndani ilikuwa imelika, mafuta yanavuja, na hewa inaingia mahali pake. Mguu unakanyaga, lakini nguvu yake haifiki.

Mzee akamgeukia dereva, aliyekuwa amesimama mbali kidogo. “Kijana, hii pedali ilikuwa haianguki?”

“Ilikuwa inaanguka, Papa. Nilikuwa naikanyaga mara mbili, mara tatu, ndipo vitesi inaingia. Kwenye mlima sikupata muda.”

“Na haukusema?”

Kijana akatazama chini. Hakutaka kutujibia. Ilibidi sisi wenyewe tujibu. Alikuwa amesema. Majuma matatu kabla ya siku ile alikuja mbele ya mkutano, akasema pedali imekuwa laini, inashuka hadi chini kama mguu unaingia ndani ya fufu. Tulicheka. Mmoja wetu alimwambia anatafuta siku ya kupumzika. Tukaendelea na habari ya bei ya sambaza.

Wamama, hilo ndilo tulilotaka kuwaandikia. Mtoto akisema anaumwa na tumbo, hatungojei mtu wa mbali atuambie kama ni kweli. Lakini aliyekuwa na mguu wake juu ya pedali kila siku tulimwona mvivu, na yule aliyesukuma fimbo mara mbili tukakubali bei yake.

Raba mpya na chupa ya mafuta ya freni, ambayo ndiyo yanayotumika pia kwenye ambreyaji ya namna hii, vilitugharimu dola 13. Mzee alikataa malipo, akapokea sombe na kuku mmoja. Alituonya tusiweke kamwe mafuta ya motere ndani ya kikopo kile, kwa kuwa yanaharibu raba. Mafuta ya freni nayo yanaharibu rangi ya gari na ni sumu, basi chupa iwekwe mbali na watoto.

Kazi ya kutoa hewa inataka watu wawili. Dereva alilala chini kufungua na kufunga skurubu, na Mama Prezida akapanda kitini na kitenge chake, mguu kwenye pedali. Kijana akawa anaita kutoka chini, “Mama, kanyaga! Shikilia! Achia!” Naye akatii, tena na tena, mpaka mafuta yakatoka bila mapovu na pedali ikawa ngumu. Motere ikawaka. Ya kwanza ikaingia kimya.

Hatusemi gari limekuwa jipya. Vitesi ya tatu bado inalia kidogo ukiiharakisha. Mzee anasema ni uzee, tuiingize taratibu, na tuanze kuweka akiba. Ya nyuma nayo inataka gari liwe limesimama kabisa kwanza, na kungoja kidogo baada ya kukanyaga pedali.

Jioni ile ile wanne kati yetu tulikwenda nyumbani kwa mama wa dereva. Tulimkuta anachambua maharage. Mama Prezida alisema, “Dada, tulimkosea mtoto wako mbele ya watu. Tutalisahihisha mbele ya watu.” Hakusema tumesamehewa. Alisema tukae. Siku ya posho alikuja, akakaa mahali pake, na tukasema mbele ya wote yale tuliyosema nyuma yake na mbele yake. Kijana ameomba jambo moja tu: akisema gari linaumwa, liandikwe.

Basi sasa kuna daftari ndani ya gari. Dereva anaandika anachosikia na anachokiona, na kila siku ya posho, kabla ya maombi, wawili wetu wanalisoma, kisha wanatazama kikopo cha ambreyaji, cha freni, mafuta ya motere na maji. Kazi hiyo haifiki dakika kumi. Fundi akituambia bei kubwa, tunamwomba kwanza atuonyeshe ubovu kwa macho yetu.

Vikundi vingine vyenye gari, pikipiki au hata mashine ya kusaga, karibuni mtazame daftari letu. Minervali ya watoto sita imelipwa. Na mama mwenye goti anatembea vizuri.