Barua kwa Mpwa Aliyefungiwa Eastleigh

Kibokoni, Mombasa
Mfunguo Mosi 1441 (Mei 2020)

Mpwa wangu azizi,

Nakuarifu kwamba mimi, mke wangu na wajukuu sote tu wazima, alhamdulillahi, na tunakuombea dua kila baada ya sala. Barua hii naiandika kwa wino juu ya karatasi kama nilivyozoea, kisha mjukuu wangu ataipiga picha na kukurushia kwa simu, maana njia ya kwendea posta ina kizuizi cha polisi, na mzee wa umri wangu haoni fahari ya kujadiliana na askari kwa ajili ya stempu.

Ajabu iliyoje kwamba amri moja ya kuzuia korona, iliyotangazwa siku moja, tarehe 6 Mei, imekufunga wewe huko Eastleigh na kunifunga mimi hapa Mji wa Kale, ilhali baina yetu pana mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Watu wetu wamezuiwa kutoka, wageni wamezuiwa kuingia, mikahawa imefungwa, na tuliodhani kwamba siku 15 zikitimia tutapumua tumeongezewa muda hadi tarehe 6 Juni. Juu ya hayo ipo kafyu ya nchi nzima tangu tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri, na misikiti imefungwa tangu mwezi huo huo, hata Ramadhani nzima tumesali tarawehe majumbani, mpiga daku hakupita mtaani petu, na sala ya Idd hatukuiona uwanjani.

Waraka wako nimeusoma kwa makini. Umelalamika kwamba siku haziendi, kwamba duka la vitambaa unalofanyia kazi limefungwa, kwamba filamu umezitazama hata zimekukinaisha, kwamba walala baada ya alfajiri na kuamka adhuhuri. Kisha, kama mtu anayetia nukta, ukaongeza kwamba katika jumba lile la ghorofa saba humjui mtu ila mlinzi wa langoni. Neno hilo umeliweka mwisho kama jambo dogo, nami naona ndilo kubwa kuliko yote uliyoyataja. Tafrija hazijakuishia, mwanangu. Ulilolikosa ni mtu wa kukuuliza kesho yake ulicheka nini, na mtu ambaye ukinyamaza kutwa nzima atashtuka.

Huenda ukasema kwamba ni rahisi kwetu sisi tulio na baraza. Aghalabu watu huzidhania baraza hizi za mawe kuwa ni mahali pa kupoteza wakati kwa kahawa na porojo, na sikatai kwamba porojo zipo, tena nyingi. Lakini mimi nimekaa barazani tangu sijaota ndevu, na nakwambia kwamba kazi yake kubwa ni kuhesabu watu. Mtu asipoonekana alasiri moja huulizwa. Asipoonekana ya pili hutumwa mtoto kwenda kubisha hodi. Na kama ni mgonjwa, habari zake huwa zimefika msikitini kabla ya Magharibi. Hapana daftari wala mwenyekiti katika shughuli hiyo. Basi baraza zilipoachwa tupu tuliona tabu ya kukosa kahawa, naam, lakini lililotutia hofu hasa ni kwamba hesabu ile ilikatika, na miongoni mwetu wamo wazee wanaokaa peke yao, wenye sukari na shinikizo la damu, ambao wangeweza kuanguka chumbani pasi na mtu kujua.

Aliyetuokoa ni muuza kahawa. Yule bwana aliyekuwa akipita na dele lake akigonganisha vikombe, ambaye wengi wetu tulimjua kwa kashata zake tu, alikuwa na nambari za simu za wateja wake wote; akaanza kutupigia kila alasiri, kwa zamu, asiulize neno kubwa ila "Leo umeamkaje?" na kutupasha habari za aliyempigia kabla yetu. Nasi tukakubaliana kumpelekea kwa M-Pesa kile kile ambacho tungemlipa kwa vikombe viwili vya kahawa chungu, kwani naye ana watoto na dele halipiti. Sasa habari za mitaa yetu ya Kibokoni na Kuze zinazunguka kama zamani, pengine kwa usahihi zaidi, maana msimuliaji ni mmoja.

Na mchezo wa bao haukufa. Mwenzangu wa miaka mingi anakaa ng'ambo ya kichochoro, dirisha lake likitazamana na langu. Yeye ameweka bao lake, mimi langu, kila mmoja na mashimo 32 na kete 64, tukawa tunatangaziana kwa sauti: shimo lipi naanzia, nakula wapi, naingilia kichwa cha kulia ama cha kushoto, nasafiri mpaka wapi ndipo nalala, na mwenzangu anazihamisha kete zangu kwenye bao lake kama ninavyomwambia. Ni kazi ya uaminifu mkubwa, kwani kete moja ikipotea njiani mabao mawili huachana na ugomvi huzuka. Na ugomvi wenyewe, wallahi, ndio unaowatoa majirani madirishani kuja kuamua. Juzi tulibishana kama alikuwa na haki ya kutakata, yaani kucheza pasi na kula, mpaka watu wa nyumba nne wakaingia katika hukumu, na mama mmoja ambaye sikupata kujua kwamba anaujua mchezo huu akatukosoa sote wawili, tena akawa ndiye mwenye haki. Wewe ukitaka kucheza huna haja ya seremala: kata trei mbili za mayai, ziunganishe zikupe safu nne za mashimo manane manane, hesabu maharage 64, kisha mwite kijana wa mlango wa pili naye afanye vivyo hivyo.

Katika haya yote wake zetu wametushinda. Wao hawakuhitaji baraza tangu asili. Walikuwa na madirisha, na upatu, na ada ya kupelekeana futari, na walipoona kwamba kuingiliana majumbani kuna hatari wakaongeza kapu na kamba tu. Mwezi wote wa Ramadhani nimeliona kapu la shangazi yako wa ghorofa ya juu likishuka na kaimati na kupanda na mbaazi za nazi, likishuka na dawa ya mgonjwa na kupanda na salamu, pasi na mkono kugusa mkono. Wanaume tungali tunajadiliana namna ya kuonana. Wao walikwisha onana.

Usidhani kwamba naidharau simu yako. Jamaa zetu wa Maskati na wa Toronto wananitumia salamu nyingi kila siku, na nazifurahia. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka: ukishikwa na homa usiku wa manane, wakati wa kafyu, atakayekupa maji ya kunywa au kukupigia simu ya daktari ni yule aliye nyuma ya ukuta wako, na mtu huyo hadi leo hujamjua jina. Anza naye. Vaa barakoa yako, bisha hodi, rudi nyuma hatua mbili tatu, jitambulishe wewe ni nani na ni mtu wa wapi, umwachie nambari yako na umwambie kwamba ukishuka kununua mahitaji unaweza kumletea na yeye. Usijali kwamba huyu ni Msomali, yule ni Mborana na yule ni Mmeru. Salamu ni moja na njaa ni moja, na Kiswahili chako cha Mombasa watakicheka kidogo, nawe waache wacheke, kwani kicheko ni mlango.

Kisha watazame watoto. Shule zimefungwa tangu Machi, nao wamo ndani ya vyumba viwili na wazazi waliokosa kazi. Wewe ulikuwa hodari wa hesabu, na bibi yako alikulea kwa hadithi, basi ukae kwenye roshani baada ya alasiri, sauti uliyo nayo inatosha, upige "Paukwa!" na uone ni roshani ngapi zitakazojibu "Pakawa!" Wakubwa nao wana lao. Sisi hapa tumefufua kujibizana kwa mashairi: mmoja anatoa ubeti wa mizani 16 kwa kila mshororo, wa pili anaujibu kwa vina vile vile, na asiyeweza hutoa kitendawili na kudai mji. Mji wetu huu ni mji wa Muyaka, aliyekuwa akirushiana beti na washairi wa Lamu katika karne ya 19, nao hawakuwa na simu. Na Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, baina ya 1969 na 1972. Sikulinganishi naye, wala kufungiwa kwetu si gereza. Nakukumbusha tu kwamba kalamu haijakatazwa kutoka.

Mambo mawili nakuusia kwa ufupi. Habari ya ugonjwa isiyo na mwenyewe usiisambaze, hata kama imeanza kwa bismillahi. Na wala usiunde kamati; kamati zetu huanza kwa kumchagua mwekahazina na huishia kwa kumtafuta. Nenda mlango kwa mlango.

Basi mwanangu, nisikuchoshe. Usiku ulale, alfajiri uamke, usivunje kafyu kwa ajili ya mazungumzo, na mama yako umpigie simu kabla hajakupigia yeye. Jibu lako nalingoja kabla ya Ijumaa, nami sitaki humo habari za kuchoka kwako. Nitajie jina la mtu anayekaa mlango unaokabili wako, ni mwana wa nani, na leo ameamkaje.

Wasalaam,
Mjomba wako