Chanjo na Vidonge Vyangu vya Jumapili

Watu wengi hapa Bukavu wakisikia neno baridi yabisi hufikiri mara moja ugonjwa wa wazee, ulioletwa na upepo wa ziwa au na kukanyaga matope ya mvua bila viatu. Mimi ulinipata mwaka 2014, nikiwa na umri wa miaka 38, nikifundisha darasa la tano. Kila asubuhi vidole vilikuwa vimekakamaa, na kwa muda wa saa nzima sikuweza kufunga vifungo vya nguo za watoto wangu. Kushika chaki kukawa mateso. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto, nami namshukuru hata leo, maana maji ya moto hutuliza. Lakini viungo viliendelea kuvimba, mkono wa kuume na wa kushoto sawasawa, hata mganga mmoja aliyetazama damu yangu na picha za mifupa akaniambia jina la ugonjwa wenyewe.

Alinieleza hivi, nami nayarudia maelezo yake kwa wanafunzi wangu kila mwaka. Mwili wa mtu una walinzi wake. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia, walinzi huvitambua, huvishambulia, na baadaye huvikumbuka. Katika baridi yabisi ya namna yangu walinzi hao wamekosea njia: huushambulia utando laini ulio ndani ya viungo kana kwamba ni adui. Wasipozuiwa, hula gegedu, kisha hula mfupa, na mkono hupinda usinyoke tena. Kwa hiyo dawa ya ugonjwa huu haiui vijidudu vyovyote. Kazi yake ni kuwatuliza walinzi.

Dawa yangu inaitwa metotreksati. Nameza vidonge 6 vya miligramu 2.5 kila Jumapili jioni, basi, mpaka Jumapili nyingine. Niruhusiwe kusema neno moja hapa, ingawa silo nililokusudia kuandika. Dawa hii ni ya siku 1 tu kwa juma. Mtu akiimeza kila siku, kwa kuwa amezoea kwamba vidonge humezwa kila siku, aweza kufa, maana huharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Mume wangu ameandika neno JUMAPILI kwa wino mwekundu juu ya kopo. Siku nyingine ya juma nameza asidi foliki ili kupunguza madhara, na kila baada ya miezi michache natolewa damu ili ini langu na chembe za damu zipimwe.

Tena wako wengi katika mitaa yetu wanaonunua vidonge vya deksametazoni bila kumwona mganga. Huondoa maumivu upesi, ndiyo sababu hupendwa. Lakini hiyo nayo huwalaza walinzi, na aliyeizoea miezi mingi hawezi kuiacha ghafula bila hatari. Mtu wa namna hiyo akienda kuchanjwa huulizwa, «Unameza dawa gani?» naye hujibu, «Hakuna.» Mchanjaji atajuaje?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Chanjo ni kuwafundisha walinzi wa mwili adui yu namna gani kabla hajaja. Mimi nameza dawa ili walinzi wangu watulie. Je, kumchanja mtu wa namna yangu si kama kupiga kengele ya shule huku umeziba masikio ya watoto? Swali hilo lilinisumbua tangu mwezi wa Aprili 2021, chanjo ya korona ilipoanza kutolewa katika nchi yetu. Mwaka ule mwenzangu wa kazi, aliyekuwa akimeza dawa kama yangu kwa ajili ya ugonjwa wa ngozi, alikufa kwa korona mnamo siku 9. Nilichanjwa mara nilipopata nafasi. Ulipofika wakati wa sindano ya nyongeza, mwishoni mwa mwaka 2022, nilikwenda kwa mganga wangu nikiwa na maswali yangu yote kwenye karatasi ya daftari.

Kwanza akanitenganishia chanjo mafungu mawili. Ziko chanjo zisizo na kijidudu hai: ndani yake mna kijidudu kilichouawa, au kipande chake tu, au, kama katika chanjo kadhaa za korona, maagizo tu ya kuufundisha mwili kutengeneza kipande hicho. Chanjo za pepopunda na homa ya ini ya aina ya B zimo katika fungu hilo. Hizo haziwezi kumpa mtu ugonjwa, hata walinzi wake wakiwa wamelala. Hatari yake ni moja, kwamba zaweza kumfaa kidogo kuliko zinavyowafaa wenzake. Ziko nyingine zenye kijidudu hai kilichodhoofishwa: ya homa ya manjano, ya surua, matone ya polio. Hizo kwa mtu mzima wa afya ni njema sana. Kwa mtu mwenye walinzi waliolazwa, kijidudu kile dhaifu chaweza kupata nguvu ya kuzaana na kumletea ugonjwa. Chanjo ya Ebola iliyotumiwa Beni na Butembo tangu mwaka 2018 nayo ina kirusi hai. Bali ile ya mpox, iliyoanza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, ina kirusi kisichoweza kuzaana ndani ya mtu, kwa hiyo watu wa namna yangu hawakatazwi.

Kisha akaniambia habari iliyotoka Uingereza mwaka uleule wa 2022. Wagonjwa 254 wanaomeza metotreksati, wa baridi yabisi na wa magonjwa ya jamaa hiyo, walichanjwa sindano ya nyongeza ya korona. Baadhi yao waliendelea na vidonge kama kawaida; wengine waliacha kwa majuma 2 baada ya sindano. Baada ya majuma 4 damu ilipimwa, na kinga katika damu ya wale walioacha ilikuwa zaidi ya mara 2 ya kinga ya wenzao. Chama cha waganga wa viungo cha Marekani nacho kilikuwa kimekwisha kutoa shauri la kuacha juma 1 au 2 baada ya sindano ya korona, ikiwa ugonjwa umetulia.

«Ikiwa ugonjwa umetulia.» Maneno hayo mganga aliyasema mara mbili, Mungu amjalie, kwa kuwa waliojaribiwa Uingereza hawakuwa watu wa mawe: wengi zaidi miongoni mwa walioacha dawa waliona viungo vyao vikiamka tena katika majuma yale ya kwanza.

Majuma 2 bila dawa ni neno jepesi kwa asiyejua. Mwaka 2017 dawa ilikosekana mjini, nikakaa bila hiyo karibu miezi 2, nikafika mahali ambapo binti yangu alinishikia kikombe nipate kunywa chai. Mume wangu alikumbuka siku zile, naye hakutaka kusikia habari ya kuacha. Aliniambia, «Mama Mwalimu, mikono yako ndiyo inayotulisha pamoja na mikono yangu. Chanjwa, lakini meza dawa zako.» Hakusema upuuzi. Aliyaona maumivu kwa macho yake, na kinga ya damu haionekani. Nami kila nilipokaribia kumkubalia nilimkumbuka mwenzangu yule wa siku 9.

Tulizungumza jioni tatu. Jambo lililokata shauri lilikuwa kalenda. Mitihani ya muhula ilikuwa ikimalizika, na Noeli ya mwaka ule iliangukia Jumapili, na Mwaka Mpya Jumapili iliyofuata. Basi nilisahihisha makaratasi yote, nikatoa alama, nikachanjwa Ijumaa tarehe 23 Desemba. Jumapili ya Noeli sikumeza. Jumapili ya Mwaka Mpya sikumeza. Ubao haukuningoja, na bugali ya sikukuu ilisongwa na binti yangu. Tarehe 8 Januari nikarudia vidonge vyangu.

Juma la kwanza sikuona kitu, ila homa kidogo na bega kuuma usiku wa sindano. Juma la pili kiwiko cha mkono kilivimba, na ile saa ya ukakamavu wa asubuhi ikarudi. Shule ilipofunguliwa niliandika ubaoni kwa herufi kubwa, mistari michache, na mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri akanisaidia. Mwisho wa Januari mkono ulikuwa umetulia. Nilimwambia mume wangu kwamba nitafanya hivyo tena nikiambiwa, akacheka akasema kwamba safari ijayo nitafute Noeli nyingine ya Jumapili.

Lakini msichukue kisa changu mkakifanya sheria. Shauri la kuacha metotreksati majuma 2 lilitolewa kwa sindano ya korona, na kwa ile ya mafua makali ambayo huko Ulaya na Marekani hutolewa kila mwaka. Kwa chanjo nyingine zisizo na kijidudu hai, chama kilekile cha Marekani kinashauri mtu aendelee kumeza. Tena mwenye kumeza prednisoloni asiiache hata siku 1 kwa ajili ya chanjo, kwa kuwa mwili uliozoea dawa ile husahau kujitengenezea ya kwake.

Chanjo ya homa ya manjano ilinipa mashaka ya namna nyingine. Mwaka 2023 nilisafiri kwenda Kampala kumwona dada yangu mkubwa. Mahali fulani pa kuvukia mpaka, kijana aliyekaa mezani alitazama kadi yangu ya manjano, ya mwaka 2009, akasema, «Mama, kadi hii imekufa. Miaka 10 imepita. Utachomwa hapa, utalipa, utapita.» Sindano zilikuwa nyuma yake katika sanduku la baridi.

Zamani asingekosea. Kadi ile kweli ilikuwa ya miaka 10. Lakini mkutano mkuu wa Shirika la Afya la Dunia ulibadilisha kanuni mwaka 2014, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya chanjo moja ni halali maisha yote ya mwenye nayo, hata ziwe kadi zilizoandikwa kabla ya hapo. Nilichanjwa miaka 5 kabla ya kuugua, nikiwa mzima. Sikuhitaji kuchanjwa tena. Na kama ningekubali ili nisilikose gari, ningetiwa kijidudu hai huku vidonge vya Jumapili vikiwa bado mwilini. Chanjo ile ni kazi kubwa: Max Theiler aliyeitengeneza katika miaka ya 1930 alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1951, na watu wasiohesabika wameokolewa nayo. Si kosa la chanjo kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Nilitoa barua ya mganga wangu, yenye mhuri, nikaiweka mezani. Kijana hakuisoma. Nikamwambia kwa upole, kama ninavyosema na mwanafunzi mkaidi, «Baba, mwite mkubwa wako asome.» Watu waliokuwa nyuma yangu walianza kunung'unika. Mkubwa alikuja, akasoma barua, akageuza kadi, akasema maneno mawili kwa kijana, nikapita. Gari lilikuwa limeondoka. Nilisafiri kesho yake.

Asiyewahi kuchanjwa homa ya manjano, na ambaye ameambiwa kwamba ataanza dawa za kutuliza walinzi, na amwulize mganga wake kama aweza kuchanjwa kwanza na kungoja mwezi 1 ndipo aanze. Aliyekwisha kuanza anaweza kuandikiwa na mganga cheti kwamba chanjo hiyo haimfai. Cheti hicho chaweza kumvusha mpaka, lakini hakimzuii mbu. Ni lazima avae nguo ndefu hata mchana, maana mbu wa ugonjwa huo huuma mchana.

Habari ya matone ya polio nitaitaja upesi. Wanapopita nyumba kwa nyumba, mjukuu wangu hupewa kama watoto wote, wala sitaki anyimwe kwa ajili yangu. Ila kijidudu hai cha matone hutoka katika choo cha mtoto kwa majuma kadhaa, kwa hiyo siku hizo nguo zake za chini hufuliwa na mama yake, nami nanawa mikono kwa sabuni kila nimbebapo. Binti yangu husema kwamba bibi amepata likizo yake.

Mwaka jana nilikatwa kiganja na bati la jikoni, jeraha refu lenye kutu. Katika zahanati mwuguzi kijana alitaka kunichoma sindano ya pepopunda, akaniuliza kwanza kama nina dawa ninazozimeza kila siku. Nikamjibu, «Kila siku hapana, kila Jumapili ndiyo,» nikamtajia jina. Akasita, sindano mkononi, akauliza kama si afadhali niiache dawa hiyo kidogo. Nikamwambia kwamba kwa pepopunda haina haja, haina kijidudu hai, achome tu. Akaandika katika daftari langu neno metotreksati, akalipigia mstari chini, akanichoma. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili jioni nilimeza vidonge vyangu 6 kwa mkono wa kushoto.